Kichwa cha mtoto ni 53, helmeti iwe ngapi?

*"Assalaam alaykum fundi. Mwanangu ana miaka 11, kapewa nafasi ya mwanaanga kwenye mchezo wa kuigiza skuli kwao, unaohusu ile siku ya Februari 1962 Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia angani na kuzungumza na kituo cha kufuatilia chombo chake kilichokuwepo hapa Unguja. Nimepata kiolezo cha helmeti nzima, inayofunika kichwa chote na kuacha uso wazi, lakini kimechorwa kwa mtu mzima. Mtoto ana urefu wa sentimita 140 na baba yake 175, basi nikachapisha kwa asilimia 80 na kukata mpira wa povu wenye unene wa sentimita moja. Ikakwama masikioni. Nikachapisha tena kwa asilimia 100, sasa inamzunguka kichwani na kumshukia machoni. Kichwa chake nimekipima kwa futi ya cherehani, ni sentimita 53. Jirani ananiambia nirudie ile ya kwanza niongeze inchi mbili kila kipande. Nifanyeje? Na wasichana wawili darasani kwao wanataka zao, na wao huvaa mtandio."*

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. La kwanza, ile helmeti ya pili usiitupe. Haina kosa kubwa kama unavyodhani, ina upungufu wa kitu kimoja ndani yake, na nitakifikia. Shida yako, kama nimekuelewa, ni kwamba kipimo cha kichwa unacho na kiolezo unacho, ila huoni njia ya kutoka kwenye 53 hadi kwenye asilimia ya kuchapisha. Njia ipo, lakini 53 peke yake haikufikishi.

Futi ukiizungusha juu ya nyusi, juu ya masikio na nyuma kwenye kisogo, unapima pale kofia inapokaa. Kwa kofia ya kitambaa kipimo hicho kinatosha. Helmeti nzima inapita puani, inapita masikioni, inateremka mpaka usawa wa kidevu, na vyote hivyo vimetokeza nje ya mstari uliopima. Kwa hiyo helmeti ya kichwa cha 53 ikiwa na mzunguko wa 53 ndani, haitavaliwa hata kwa kulazimisha. Kama utakavyoona kwenye hesabu, kwa mtoto wako ndani inatakiwa ifike karibu na 70.

Sasa ile asilimia 80. Hesabu yako ilikuwa sahihi, 140 kwa 175 ni 80, ila umegawanya kitu kisichohusika. Mwili wa mtoto haukui kwa mwendo mmoja. Kichwa hutangulia: mtoto wa miaka sita au saba kichwa chake kimeshakaribia sana cha mtu mzima, na miguu na kiwiliwili ndivyo vinavyokuja kufukuzia baadaye. Watu wazima wengi wana kichwa cha sentimita 54 hadi 60. Ukimpima baba yake ukakuta 57, basi kichwa cha mtoto ni asilimia 93 ya kichwa cha baba, ingawa mtoto mwenyewe anamfika baba kifuani. Urefu wa mtu usiutumie kabisa kukadiria helmeti.

Kuna na unene wa mpira, ambao huwaponza hata wanaopima vizuri. Ukanda wa mpira ukiukunja duara, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutika. Urefu ulioukata unabaki vilevile katikati ya unene tu. Ndani unapoteza unene mara 3.14. Kwa mpira wako wa sentimita moja, ukikata ukanda wa 53, duara la ndani linakuwa kama 50. Ukitumia mpira wa nusu sentimita unapoteza 1.6. Boksi la kadibodi linakula zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu karatasi yake ya nje haivutiki hata kidogo, basi ya ndani ndiyo inayojikunja makunyanzi, na hasara inakaribia unene mara 6.28. Boksi la milimita nne linakupokonya sentimita mbili na nusu. Ndiyo maana kiolezo kilichomkaa mtu vizuri kwa karatasi ya manila kinambana kikikatwa kwa mpira.

Jirani yako amekusudia wema, lakini ushauri wake usiufuate. Violezo vingi vya namna hii vina vipande kama vinane kuzunguka kichwa. Inchi mbili mara nane ni inchi 16, zaidi ya sentimita 40. Ubaya mwengine uko juu: vile vipande vinachongoka vinapokutana utosini, na ncha zao zina upana karibu na sifuri. Ukiziongeza inchi mbili kila moja, utosi hautafunga, utabaki na tundu la kupitisha chungwa. Kiolezo hukuzwa au hupunguzwa kwa kuzidisha kila mstari kwa namba moja. Hakiongezwi kwa kujumlisha.

Basi tupime upya. Mkalishe mtoto kwenye kiti, mgongo na kisogo viguse ukuta, atazame mbele. Kichwa kiwe sawa: tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo. Akiinua kidevu kidogo tu, vipimo viwili kati ya hivi vinaharibika.

Rudia kwanza ule mzunguko, futi ikae kidole kimoja juu ya nyusi na ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Futi za cherehani za zamani huvutika, ilinganishe na rula ya chuma kabla hujaiamini. Tazama pia unasoma upande gani. 53 ya sentimita ni karibu inchi 21, na hutokea mtu kuanza kwa inchi akamalizia kwa sentimita. Pili, upana: chukua vitabu viwili vyenye majalada magumu, visimamishe pande mbili za kichwa viguse masikio bila kuyabana, na mtu mwengine apime nafasi kati ya vitabu. Tatu, kutoka ukutani hadi ncha ya pua: simamisha kitabu kiguse pua, upime kutoka ukuta hadi kitabu. Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama helmeti itavaliwa. Nne, kimo: weka kitabu cha mlalo utosini na kingine chini ya kidevu, upime kati yao. Hapohapo pima kutoka utosini hadi katikati ya jicho, kwani utaihitaji. Kila kipimo kichukue mara tatu. Zikipishana zaidi ya nusu sentimita, mtoto alijitikisa, anza tena.

Hukunipa hivi vipimo vingine, basi nachukua mfano unaoendana na kichwa cha 53: masikio hadi masikio 17, ukuta hadi pua 20.5, kimo 20.5, utosi hadi jicho 10.5. Ukishapima, weka namba zako mahali pa zangu.

Ndani ya ganda panatakiwa nafasi ya sponji na ya hewa. Kwa upande, ongeza sentimita moja na nusu kila sikio, inakuwa 20. Mbele na nyuma ongeza nne kwa jumla, inakuwa 24.5, nyingi ya hizo ziende mbele ili pua isiguse kitu. Umbo la yai lenye upana wa 20 na urefu wa 24.5 lina mzunguko wa karibu 70. Hiyo ndiyo 70 niliyokutajia. Ongeza hasara ya unene, 3.14, na vipande vyako vikiwa bapa mezani vinatakiwa vijumlishe 73 kwenye sehemu pana kuliko zote.

Sasa chukua kiolezo cha asilimia 100, tafuta usawa ulio mpana zaidi, pima upana wa kila kipande kwenye usawa huo na ujumlishe. Kiolezo kikitoa nusu tu ya helmeti, nusu nyingine ikiwa ya kugeuza, zidisha mara mbili. Tuseme umepata 80. Gawanya 73 kwa 80, unapata 0.91. Chapisha kwa asilimia 91.

Tazama jinsi namba hizi zinavyoeleza yaliyokupata. Kwa asilimia 80 ulikuwa na vipande vya 64, ndani karibu 61, yaani yai la kama 17.5 kwa 21. Masikio yana 17 na pua inataka 20.5, na shingo ya helmeti huwa nyembamba kuliko katikati yake. Isingeweza kupita. Kwa asilimia 100 ndani una karibu 77. Imezidi kwa 7 tu, na 7 za mzunguko ni kama sentimita 1.1 tu ya pengo zaidi kila upande. Pengo dogo kama hilo halitoshi kuifanya imzunguke kichwani. Inamzunguka kwa sababu ndani hakuna kitu cha kukishika kichwa.

Na hapo ndipo ninapotaka ubadilishe mtazamo, kwa sababu ndipo penye ufumbuzi. Ganda halina kazi ya kukaa kichwani. Kazi yake ni kupitisha kichwa na kupendeza machoni mwa watazamaji. Kinachokaa kichwani ni kitanda cha ndani. Helmeti aliyovaa Glenn yenyewe ilikuwa na ganda gumu la faibaglasi, na ndani yake kitanda kilichoumbwa kwa kichwa cha mwanaanga mmojammoja.

Wewe kitanda hicho unacho nyumbani: kofia ya mwanao. Kofia inayomkaa sawasawa imeshapimwa na kushonwa kwa kichwa chake, na inakamata mahali palepale panapotakiwa. Usichukue kofia ya viua ya kushonwa kwa mkono, ni uonevu kuitia gundi. Nunua ya mashine, ya bei ndogo, ya saizi yake. Mvalishe. Kata vipande vinne vya sponji ya godoro, kila kimoja upana wa vidole vinne, uvishone kwenye kofia kwa nje: kipaji cha uso, kisogoni, na juu ya kila sikio. Kipande cha tano, cha sentimita mbili, weka utosini. Kisha tia velkro, upande laini kwenye sponji na upande wa miba ndani ya ganda, ili kofia itoke ikafuliwe; baada ya mazoezi mawili ya jua la hapa itakuwa imeloa jasho. Unene wa sponji ndio unaorekebisha kila kitu. Ukubwa ukizidi, ongeza sponji. Sponji ibanwe kidogo tu, theluthi ya unene wake inatosha. Ikibanwa sana mtoto ataumwa na kichwa kabla ya onyesho la kwanza kwisha.

Hiyo sponji ya utosini inahusu macho moja kwa moja. Jicho la mwanao liko 10.5 chini ya utosi, na sponji imeongeza mbili, basi katikati ya dirisha la uso iwe 12.5 kutoka dari ya ndani ya ganda. Usikate dirisha mpaka kofia iwe imeshakaa ndani na mtoto ameshavaa. Ichore penseli akiwa nayo kichwani, ivue, kisha kata, na anza kwa tundu dogo. Helmeti yako inamshukia machoni kwa sababu utosi wake unagusa dari. Sponji ya juu peke yake itaipandisha.

Kwa hiyo una njia mbili. Onyesho likiwa wiki hii, tia kofia na sponji nene zaidi kwa sentimita moja kwenye hiyo ya asilimia 100, na itavalika vizuri. Utakachopoteza ni sura. Mabega ya mtoto wa 140 ni membamba, na kutoka mbali helmeti itaonekana imemzidi. Ukiwa na siku kumi mbele yako, ningekata upya kwa 91. Mimi kwa jukwaani napenda iliyozidi kidogo kuliko iliyobana, kwani iliyozidi hurekebishwa kwa sponji, iliyobana hairekebishiki. Njia ya tatu, ya kuipasua helmeti nyuma na kuifunga kwa velkro, inakuruhusu shingo nyembamba na sura nzuri zaidi, lakini mtoto hatoweza kuivua mwenyewe kwa haraka, na kwa umri wake siipendelei.

Kabla hujakata vipande vyote, fanya jaribio la pete. Shingo ya helmeti inatakiwa ipitishe masikio na pua, tuseme yai la 18 kwa 22, mzunguko wake 63. Kata ukanda wa mpira uleule, upana wa vidole viwili na urefu wa 66, ushike kwa solotepu, uukunje yai, umpitishe mtoto kichwani kuanzia juu. Upite kisogoni kwanza kisha puani, ukisugua masikio bila kuyakunja. Ukikwama, ongeza sentimita moja moja. Jaribio hili linachukua dakika tano na linakuokolea kigae kizima cha mpira. Nafasi itakayobaki shingoni izibe kwa kola ya kitambaa cha fedha iliyoshonwa kwenye nguo, siyo kwenye helmeti.

Ukienda steshenari kuchapisha, mwambie kijana achague ukubwa halisi kisha aweke 91. Kompyuta nyingi hupunguza zenyewe ili mchoro utoshe ukurasa. Kiolezo kilichopangwa kwa karatasi ya Kimarekani, yenye upana wa 21.6, kikitiwa kwenye A4 yenye 21, kinapungua kama asilimia tatu bila mtu kuambiwa, na asilimia tatu ya 73 ni zaidi ya sentimita mbili. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuchapisha, uupime ukitoka. Kwa asilimia 91 usome 9.1.

Kuhusu mpira: vile vigae vya kuchezea watoto vinavyoshikana kwa meno ni vizuri, vikipashwa moto hukubali kukunjika na kubaki hivyo. Mikeka ya mazoezi iliyo laini sana, inayobonyea kwa kidole, hairudishi umbo na hushika gundi vibaya. Gundi ya mafundi viatu inatosha: paka pande zote mbili, subiri kama dakika kumi mpaka kidole kisinate, ndipo ugandishe, kwani ukishagandisha husogezi tena. Fanyia uani, si chumbani, na iache helmeti ikae siku mbili penye upepo kabla mtoto hajatia kichwa ndani. Harufu ikiwepo bado, siku hazijatosha.

Wale wasichana wapime wakiwa wamevaa mtandio uleule watakaovaa siku yenyewe, umefungwa vilevile. Kitambaa na mkunjo wa nyuma huongeza sentimita mbili au tatu kwenye mzunguko, na nywele zilizosukwa au kufungwa fundo hubadilisha kipimo cha ukutani. Kofia ya ndani kwao iwe kubwa kwa saizi moja na sponji ya kisogoni itolewe, fundo la nywele lipate mahali pake. Kola ya chini pia iwe pana, mtandio usije ukavutwa wakati wa kuvua. Ganda la asilimia 91 huenda likawatosha wote watatu, mkabadilisha kofia tu, lakini jaribu pete kwa kila mmoja wao kwanza.

Dirisha la uso liache wazi, bila plastiki. Plastiki huziba sauti, hushika mvuke wa pumzi, na taa za jukwaani huigeuza kioo. Toboa pia matundu manne ya sentimita mbili nyuma, juu ya kola, hewa moto itoke. Mpira wa sentimita moja huhifadhi joto kwelikweli, na msimu wa kaskazi mtoto asikae nayo zaidi ya dakika kumi kwa mara moja. Afunzwe kuivua mwenyewe kwa mikono miwili kabla ya kufunzwa maneno yake. Akisema kizunguzungu au kichwa kinamgonga, ivuliwe hapohapo, hata katikati ya mchezo. Na asipande nayo bodaboda. Huu ni mpira wa kuigizia, hauzuii kitu mtu akianguka.

Kama vipimo vyako vinaendelea kupishana, mpeleke mtoto kwa fundi cherehani anayeshona kofia. Atampima mzunguko kwa uhakika, na seremala yeyote mwenye skwea atakupa upana na kimo bila kubahatisha. Mtoto akiwa na pumu, au amewahi kuzimia kwa joto, au huogopa kufunikwa uso, usiamue kwa maelezo yangu: muulize daktari wa kituo chenu cha afya kwanza, na mwambie mwalimu mapema, ili kama haitafaa mumpe nafasi ya mwongozaji wa kituo, ambaye alikuwa na vipokea sauti masikioni na hakuvaa helmeti.